Nimepasuliwa tumbo niko wodini Kampala: mliopita humu njooni mniambie ukweli

Dereva_Malaba
Wakuu habari za saa hizi. Naandika kwa mkono mmoja juu ule mwingine una kanula, nikikosea herufi mnivumilie. Kidole tumbo kilinipasukia ndani nikiwa na mzigo wa watu kwenye foleni ya mpakani, nikaletwa Kampala kwa ambulansi na wakanipasua usiku huohuo. Jina la hospitali silitaji. Mimi nilijua mshono wa kidole tumbo ni kale kaalama kadogo huku kulia, kumbe kikishapasuka usaha ukaenea wanafungua katikati kabisa, wangu umeanzia juu ya kitovu ukakizunguka ukashuka. Nina mpira puani, mpira wa mkojo, na mrija mwingine ubavuni unatoa maji ya rangi ya chai kwenye mfuko.

Sasa kila asubuhi daktari anakuja na msururu wa wanafunzi, anasikiliza tumbo, halafu ananiuliza kwa sauti, umejamba? Mtu mzima na familia yangu! Nikisema bado anaandika kwenye faili anaondoka, chakula hakuna, ni maji ya kulowesha mdomo tu. Jana mke wangu kaja na matoke na mchuzi wa karanga, wodi nzima ikanukia, sista akamwambia ayarudishe au awape wengine, na kweli akawapa wengine nikiangalia. Halafu mtu sijala wananiinua nisimame nitembee na hili tumbo limeshonwa juzi. Haya ni matibabu au ni adhabu?

Mzee_wa_Bombo
Hahaha pole kijana wangu, umenikumbusha mbali. Mimi nilipasuliwa vidonda vya tumbo vilivyotoboka, wodi ilikuwa ya wanaume watupu, na jirani yangu alikuwa mzee mmoja mwenye heshima zake, hajji kabisa. Ule upepo ulipomtoka usiku wodi nzima ilisikia, na unajua nini, watu walipiga makofi. Mtu akapaza sauti kutoka kona, hongera mzee kesho unakunywa uji! Hakuna aliyecheka kwa dharau. Ukiwa humo ndani aibu za nje unaziacha getini.

Sista_Wodi_ya_Upasuaji
Kaka Dereva pole sana. Mimi ni nesi, si wa hiyo hospitali uliyoko, kwa hiyo neno la mwisho ni la daktari wako. Ila hilo swali usilionee aibu, kwetu ni kipimo sawa na presha. Utumbo ukishashikwashikwa na kuoshwa, tena palikuwa na usaha, unagoma kufanya kazi, unalala. Utumbo mwembamba ndio unaamka kwanza, mara nyingi ndani ya siku moja, mfuko wa chakula siku moja mpaka mbili, utumbo mpana ndio mvivu, siku mbili mpaka tatu, na kwa mtu wa usaha kama wewe unaweza kuchelewa zaidi. Sasa upepo ukitoka huko chini maana yake njia yote inapitika. Ukila matoke kabla ya hapo yanakaa tu, tumbo linavimba kama ngoma, unatapika, na matapishi yakiingia mapafuni tunaanza ugonjwa mwingine. Huo mpira wa puani ndio unayatoa maji ya tumboni yasikutapishe, usiuvute hata ukikukera koo.

Utaona mama wa sizaria kaingia thieta baada yako na tayari anakunywa uji, usidhani ni upendeleo. Zamani kila aliyepasuliwa tumbo alikaa na njaa mpaka ajambe, siku hizi kwa operesheni nyingi zisizo na usaha mtu anaanza kunywa na kula mapema na anapona haraka zaidi. Wako ulikuwa mchafu ndani, ndiyo maana wanakwenda nawe taratibu. Muulize daktari wako kama unaruhusiwa chingamu. Sio utani, kutafuna kunaudanganya utumbo kwamba chakula kinakuja, mate yanashuka, unaanza kusogea.

Kuhusu kutembea. Ukilala tu damu inaganda kwenye mishipa ya miguu, kipande kikikatika kikapanda mapafuni mtu anaweza kuanguka akafa ghafla siku ambayo sote tunasema kapona. Na mapafu ya mtu anayelala chali anaogopa kuvuta pumzi yanajaa makohozi, inakuja nimonia. Kwa hiyo si adhabu. Adhabu ni kukutembeza bila dawa ya maumivu, na hapo wagonjwa wengi wanaume wananiudhi: unamuuliza vipi maumivu, anasema navumilia sista, kumbe anavumilia hakohoi wala hageuki. Hakuna zawadi ya kuvumilia. Omba dawa kabla ya kuinuka, ikishashika ndipo utembee.

Kasese_Kwetu
Sista kaongea. Mimi ni mmoja wa wale wa Kasese wa taifodi, wakubwa mnakumbuka, kuanzia 2008 kuingia 2009 kwetu na Bundibugyo kulikuwa na taifodi ambayo si ile ya kuumwa kichwa unameza vidonge unarudi shamba, watu walikuwa wanafika hospitali utumbo umeshatoboka. Nilipasuliwa nikiwa kijana mdogo. Dereva acha nikuonyeshe kitu ambacho hakuna aliyenionyesha siku za kwanza, nilikipata kwa mgonjwa mwenzangu.

Usiinuke ukiwa chali ukitanguliza kichwa, hapo unaliita tumbo lote livute nyuzi. Kunja magoti kwanza. Geuka mwili mzima kwa upande mmoja, mabega na kiuno pamoja. Miguu ishushe nje ya kitanda na wakati huohuo sukuma godoro kwa kiwiko na kiganja, uzito wa miguu ndio unakuinua. Kaa kidogo hapo ukingoni kizunguzungu kipite ndipo usimame. Na uinuke wima bwana, usitembee umepinda unashika tumbo, mgongo utakuuma kuliko kidonda.

Kikohozi: chukua shuka au kikoi kikunje kiwe kinene, kiweke juu ya mshono, kikumbatie kwa mikono miwili, vuta pumzi ndefu, kohoa. Hivyohivyo ukicheka, na wodi hiyo utacheka tu maana hao majirani si watu.

Dereva_Malaba
@Kasese_Kwetu ubarikiwe, nimejaribu hiyo ya kiwiko sasa hivi na taniboi wangu ananishangaa. Nilikuwa nainuka kama mtu anayevutwa na winchi. Physio, yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo, naye kaja asubuhi kanipa chupa ya maji nusu na kipande cha mrija wa dripu, ananiambia nipulize mapovu kila saa. Nikadhani ananichezea.

Sista_Wodi_ya_Upasuaji
Pulizaaa. Ndiyo mashine yetu hiyo, unafungua mapafu kwa chupa ya maji.

Mama_Kisenyi
Nyie mnaongea mgonjwa mgonjwa, mimi niongelee sisi tunaolala chini ya kitanda. Hospitali za serikali hapa Uganda ada zilifutwa 2001, sawa, hatukatai, lakini bila mtu wako wa kukuuguza umekwisha. Nimemuuguza mama mkwe baada ya kukatwa uvimbe tumboni. Mkeka wako, beseni mbili (moja ya kuoshea mgonjwa moja ya nguo, usizichanganye hata kwa dawa), jerikani, flaski ya maji moto, sabuni ya mche, toilet pepa, glavu maana siku zikiisha unatumwa ukanunue nje ya geti, gozi na plasta vilevile, na vijisenti vya chai juu usiku ni mrefu. Sista wawili kwa wodi nzima, wewe ndiye unayeangalia dripu isiishe, wewe ndiye unayemgeuza, wewe ndiye unayeandika mkojo umefika kipimo gani kwenye mfuko. Sijawahi kusoma unesi lakini ule mpira wa mkojo naweza kukueleza mpaka ulipo fundo.

Na wageni banange! Jumapili baada ya ibada wanakuja ukoo mzima, wanakaa juu ya kitanda, mmoja anataka kuona kidonda, anafunua bandeji na mkono aliotoka kushikia boda. Nilimwambia wifi yangu waziwazi, kama hujanawa usimguse. Alikasirika, akaenda kusema nyumbani kwamba nina kiburi. Na aseme. Kidonda hakikuoza.

Halafu soda nyekundu na maziwa, eti inaongeza damu. Sista hebu wajibu hilo, mimi nimechoka.

Sista_Wodi_ya_Upasuaji
Mama Kisenyi nikuajiri leo? Rangi nyekundu ya soda ni rangi tu. Damu inataka madini ya chuma: maini, nyama, maharage, dodo (mchicha), na limao au chungwa pembeni ili chuma kiingie vizuri. Kidonda nacho kinajengwa na protini, mayai, samaki, maharage, karanga, maziwa. Ila hayo yote baada ya daktari kuruhusu, tunaanza maji, kisha uji mwepesi na mchuzi, ndipo chakula laini. Soda yenye gesi siku za mwanzo inakujaza upepo bure.

Mnyoro_wa_Hoima
Nikiwasikia nasikia raha juu mambo haya ya kupasua tumbo kwetu Bunyoro, magharibi mwa Uganda, hayakuja na meli. Mwaka 1879 kuna Mwingereza Robert Felkin, bado alikuwa anasomea udaktari, alimshuhudia mganga pale Kahura akimpasua mama mjamzito, na aliyoyaona yalichapishwa Edinburgh mwaka 1884. Mama alipewa pombe ya ndizi mpaka akawa nusu amelewa, mganga akanawa mikono kwa pombe hiyohiyo na akaoshea tumbo, kisha maji. Mtoto alipotoka na damu ikadhibitiwa, wakamwinua mama wakamgeuza ili maji yote ya tumboni yamwagike nje. Dereva huo mrija wako wa ubavuni ndiyo kazi yake, usaha na maji yasibaki yamekaa ndani. Wakakifunga kidonda kwa pini saba za chuma zilizokazwa na nyuzi za gome la mti, juu yake dawa ya mizizi iliyotafunwa, juu yake jani la mgomba lililopashwa moto, halafu bandeji ya lubugo, ile nguo ya gome la mti. Pini zikatolewa kidogokidogo siku zilizofuata, siku ya 11 kidonda kilikuwa kimefunga.

Kijana_Katwe
Kwa hiyo mzee tuagize waragi wodini?

Sista_Wodi_ya_Upasuaji
@Kijana_Katwe hiyo Flagyl, dawa ya kuua bakteria, wanayomchoma Dereva kwa mshipa haipatani na pombe. Kaa nayo hukohuko Katwe.

Yaya_wa_Bukavu
Ndugu zangu munisamehe Kiswahili yangu ni ya Congo, tuko hapa Kampala kama wakimbizi. Niko na kaka yangu, utumbo ilijisokota, wakakata kipande, wakatosha utumbo kwa inje ubavuni, kinyesi inatokea pale. Mifuko yake inauzwa bei kali, sisi tunatumia kaveera (mfuko ya plastiki) na kitambaa. Ngozi ya pembeni inaungua, inakuwa nyekundu anapiga kelele. Na yeye hataki mtu amuone, hata mimi ananigeukia ukuta. Itabakia hivi?

Afande_Mstaafu
Dada yangu usilie, nisikilize. Mimi nilikuwa na kitu hicho baada ya jeraha la tumbo nikiwa jeshini, na leo nakaa mezani na wenzangu nakula muchomo, kilifungwa. Cha wengi ni cha muda, wanasubiri ndani kupone halafu wanakurudisha thieta kukifunga baada ya miezi kadhaa. Wengine wanabaki nacho na wanafanya kazi. Muulize daktari wenu waziwazi, hiki cha kaka ni cha muda au cha kudumu, ni haki yenu kujua.

Ngozi inaungua kwa sababu kinyesi kinaikalia. Kata kipande cha boksi, pima kile kinundu cha utumbo, tengeneza tundu linalotosha kinundu tu bila nafasi ya pembeni, ndiyo ramani yako kila ukikata mfuko. Osha ngozi kwa maji safi ya uvuguvugu, kausha kwa kugusagusa usisugue, paka krimu ya zinki sehemu ile iliyobabuka. Kama mnatumia kaveera badilisha mapema, usingoje ijae. Na kaka aanze kukiosha mwenyewe. Mimi siku niliyoshika kitambaa kwa mkono wangu ndiyo siku niliyoacha kuangalia ukuta.

Sista_Wodi_ya_Upasuaji
Afande umemaliza. Naongeza moja tu, hicho kinundu kinatakiwa kiwe chekundu au pinki na chenye unyevu, hakina maumivu chenyewe. Kikigeuka cheusi au zambarau kimbieni hospitali, au kama hakitoi chochote na tumbo linavimba anatapika, vilevile.

Dereva_Malaba
WAKUU. Alfajiri hii. Sitoi maelezo, lakini jirani kitanda cha pili ameniamkia kwa salamu za pongezi. Mpira wa puani umetolewa, nimepewa chai ya rangi bila maziwa, nimeinywa kwa kijiko nikitetemeka. Sijawahi kunywa chai tamu namna hii tangu nizaliwe Tororo.

Mzee_wa_Bombo
Makofi kwa Dereva! 👏👏👏

Boda_wa_Ntinda
Hongera mukulu. Sasa tuongee kiume, mambo ya chumbani unaruhusiwa lini? Nauliza kwa niaba ya rafiki yangu.

Sista_Wodi_ya_Upasuaji
Mwambie rafiki yako mshono mrefu wa katikati kwa kawaida ni wiki nne mpaka sita, na kipimo rahisi ni kama anapanda ngazi bila maumivu. Na rafiki yako asimbebe mgonjwa yeyote wa tumbo kwenye boda barabara ya mashimo siku ya kuruhusiwa. Kama hamna gari, kodini hata teksi mtu akae siti ya mbele na mto tumboni.

Ila kitu kinachoniumiza zaidi ya boda ni jerikani. Mama anatoka hospitali, nyuzi zimetolewa, kidonda cha nje kinang'aa, watu nyumbani wanasema amepona, anaenda kisimani. Jerikani ya lita 20 ni kilo 20. Ngozi inaunga mapema lakini ule ukuta mgumu wa ndani hata ukifika wiki sita haujarudisha nguvu zake zote. Ukinyanyua mapema unafunguka polepole chini ya ngozi, baada ya miezi unaona uvimbe unatokeza ukikohoa, henia ya mshono, na hiyo ni thieta nyingine. Wiki sita mpaka nane usinyanyue kitu kizito kuliko kijerikani cha lita 3 au 5. Wanaume wa nyumbani wachote maji, hakuna atakayekufa.

Mama_Kisenyi
Hiyo piga chapa ubandike getini.

Binti_Arua
Samahani naingilia, ni haraka. Baba yangu alipasuliwa tumbo wiki iliyopita, alisharuhusiwa tuko nyumbani. Leo alikohoa na bandeji imelowa ghafla maji mengi ya pinki, hayana harufu, haumwi sana. Nibadilishe bandeji tu au?

Sista_Wodi_ya_Upasuaji
Dada mrudishe hospitali SASA HIVI, usingoje asubuhi. Maji ya pinki mengi ya ghafla siku hizo mara nyingi ni dalili kwamba ukuta wa ndani unaachia. Mlaze chali, magoti yakunjwe, asile asinywe chochote njiani maana huenda akaingia thieta. Kama kuna utumbo unaoonekana usiurudishe ndani kwa mkono, ufunike na kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya dripu, au maji yaliyochemshwa yakapoa. Tafuta gari, si boda.

Binti_Arua
Tumepata gari ya jirani. Asante.

Kasese_Kwetu
Mungu awatangulie. Tupe habari ukifika.

Dereva_Malaba
Hiyo imenitoa jasho. Wakati tunangoja, sista, bosi wangu kapiga simu anauliza lini narudi barabarani, mzigo mwingine uko Mombasa. Nimemwambia bado nina nyuzi.

Sista_Wodi_ya_Upasuaji
Kuendesha lori si kukaa tu. Ni mpaka uweze kukanyaga breki ya ghafla kwa nguvu zote bila tumbo kukukatisha, na usiwe unatumia dawa za maumivu zinazoleta usingizi. Kwa mshono wako hesabu wiki sita, kisha daktari akuangalie. Kubadilisha tairi, kuvuta turubai, kukaza minyororo, hayo ongeza muda. Omba barua ya likizo ya ugonjwa kabla hujatoka wodini, ukishafika nyumbani kuipata ni safari nyingine.

Afande_Mstaafu
Na barua igongwe muhuri. Bosi haogopi tumbo, anaogopa muhuri.

Binti_Arua
Tumefika. Daktari kaangalia kasema nyuzi za ndani zimeachia, wanamrudisha thieta usiku huu. Kasema tumewahi. Wanataka damu, nani yuko Arua ana O?

Boda_wa_Ntinda
Mdogo wangu yuko Arua, sijui grupu yake lakini namwambia aje apimwe. Angalia inbox yako.

Dereva_Malaba
Wenye ndugu Arua wapigieni. Sista swali la mwisho kwangu, nyuzi nazitolea hapa au naweza kutolea Tororo?

Sista_Wodi_ya_Upasuaji
Tororo sawa, kituo chochote cha afya cha karibu kinatoa, wiki moja na nusu mpaka mbili tangu upasuliwe. Beba ile fomu ya kuruhusiwa, wasije wakaanza kukuuliza ulipasuliwa nini. @Binti_Arua tuambie akitoka thieta.